Nyasi za Kivulini



Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala ametutaka tuzingatie dalili zake katika ardhi. Mwezi huu natutazame jambo ambalo wachungaji hulipita kila siku: nyasi zimeazo chini ya mgunga.

Nyasi nyingi za nyika zetu hupenda jua. Zikitiwa kivulini hudhoofika. Lakini huko Tsavo, Kenya, wataalamu waliopima katika miaka ya 1980 walikuta nyasi nyingi zaidi chini ya migunga na mibuyu kuliko mahali palipo wazi. Sababu yake ni kuwa udongo wa kivulini hauchomwi sana na jua, na majani yaangukayo, pamoja na samadi ya wanyama wapumzikao hapo, huurutubisha.

Iliyo hodari wa kuishi hapo ni nyasi moja ndefu, asili yake Afrika, ambayo wataalamu huiita Panicum maximum. Ikipungukiwa na mwanga, huyafanya majani yake kuwa mapana na mepesi ili yaunase mwanga mchache uliopo, na bua lake hurefuka. Lakini neema hiyo ina gharama yake: nguvu iliyotiwa katika majani hupunguzwa katika mizizi, na machipukizi huwa machache.

Hapa ndipo penye onyo. Mwenye mifugo aonaye ukijani ule hudhani kuwa nyasi ile ina nguvu, akawaacha ng'ombe waile mpaka udongoni. Kumbe akiba iliyo chini ni ndogo. Nyasi huchelewa kuchipuka, na mara nyingine hufa. Na mwenye kuukata mgunga kwa ajili ya makaa huuza kwa siku moja kivuli kilichokua kwa miaka mingi, na kiangazi kikifika mifugo ya jirani yake hukosa malisho.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa mti aupandao Mwislamu, akila humo mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka yake. Basi enyi vijana, mti mliourithi bila ya jasho uhesabuni kuwa ni amana. Msiukate ungali hai, na mifugo iondoeni chini yake mapema, nyasi zingali na majani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana. Amin.