Kofi Halitibu ADHD

Yeyote anayedai kwamba mtoto mwenye ADHD, hali inayomfanya ashindwe kutulia na kukaza mawazo, amedekezwa tu, na kwamba hasira ya mzazi ndiyo dawa yake, anawaumiza wengi bure. Mwaka 1902 Daktari George Still aliwaeleza wenzake jijini London habari za watoto wa aina hii, na baadhi yao walikuwa wamelelewa vizuri kabisa.

Tazama asubuhi ya shule: kiatu kimoja mguuni, cha pili hakionekani, daftari limo uvunguni, basi linapiga honi. Mama anafoka. Mtoto alisikia agizo, likampotea kabla hajafika mlangoni. Kofi litamfundisha woga; kiatu hakitaonekana.

Tena hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Huenda huyo anayefoka naye amehangaika hivyohivyo tangu utotoni, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Ndiye wa kuongezewa lawama? Afundishwe kutoa agizo mojamoja, kusifu papo hapo, kusogea pembeni hasira inapompanda. Kwa watoto wa miaka 4 na 5, miongozo ya madaktari wa watoto nchini Marekani hutanguliza mafunzo hayo ya wazazi kabla ya dawa.