JOTO LETU SI KISINGIZIO

Wimbo ule wa zamani umerudi na ngoma mpya. Wakati wa ukoloni tuliambiwa hatuwezi kujitawala. Leo twaambiwa kumbukumbu za wananchi hazifai kutunzwa Dar es Salaam, eti kuna joto, na seva zataka baridi ya Ulaya! Tena wasemao hayo si wageni peke yao. Wamo ndugu zetu wenye kasumba, na vyeti juu.

Twawauliza: Singapore iko wapi? Iko karibu na ikweta kuliko Dar es Salaam, joto na unyevu mwaka mzima, nayo imejaa vituo vya data. Mwaka 2023 wakuu wake walitoa kanuni za kuendesha vituo hivyo kwenye nyuzi 26 na zaidi, wakikadiria kwamba kila nyuzi moja inayoongezwa huokoa asilimia 2 hadi 5 ya umeme wa kupoza. Hawakungoja theluji.

Hatukatai kwamba joto la pwani lina gharama yake. Dar es Salaam huwezi kufungua dirisha ukaiachia hewa ya nje kazi, kama wafanyavyo watu wa kaskazini. (Mbeya na Iringa, zilizo juu ya mita 1,500, ni habari nyingine, na twashangaa hazitajwi.) Lakini hasara kubwa haitoki juani. Imo mle chumbani.

Seva hujipasha moto yenyewe. Karibu umeme wote unaoiingia hugeuka joto, nayo huvuta hewa baridi usoni na kutoa hewa moto mgongoni. Basi makabati hupangwa uso kwa uso, na mgongo kwa mgongo, ili baridi iwe na ujia wake na moto uwe na wake. Nafasi tupu kabatini huzibwa kwa kibao, na matundu ya nyaya sakafuni huzibwa pia. Usipoziba, hewa moto huzunguka ikavutwa tena na seva ileile, na hewa baridi hurudi kwenye kiyoyozi bila kufanya kazi yoyote.

Sisi tumeingia katika ofisi moja ya umma, hatutaitaja. Makabati yamepangwa kama wanafunzi darasani, kila mstari ukiupumulia moto mstari wa nyuma yake. Viyoyozi vinne vimewekwa nyuzi 16. Kijana wa zamu amevaa koti la Makambako, na seva za kona zapiga kelele kwa joto! Na dawa iliyoombwa ni ipi? Kiyoyozi cha tano! Tangu 2008 chama cha wahandisi cha Marekani, ASHRAE, kimependekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Hiyo 16 imetoka wapi? Na feni ikipunguzwa mwendo kwa moja ya tano, umeme wake hushuka karibu nusu. Nani alipaye bili hiyo kama si mwananchi?

Twadai kiyoyozi hicho kisinunuliwe. Kwanza wahandisi wetu waingie na vipimajoto, wapime mbele ya kila kabati, si mlangoni, na vipimo vibandikwe ukutani vionekane. Makabati yageuzwe. Vibao vya kuziba havihitaji fedha za kigeni. Mafundi wa bati wapo Gerezani.