Maji Yatapita Wapi?



Anayetafuta kiwanja siku hizi, iwe Kamanyola, Luvungi, Sange au Uvira, huuliza maswali matatu: bei ni kiasi gani, hati zikoje, na barabara iko umbali gani. Ni maswali ya haki. Lakini lipo la nne ambalo wachache huliuliza, nalo ndilo linaloamua kama nyumba itadumu: mvua ikinyesha, maji yatapita wapi? Maoni yetu ni kwamba mtaa ambao swali hilo halijajibiwa bado haujapangwa, hata kama mipaka yake imenyooshwa kwa kamba na kila kiwanja kimepewa namba.

Tutazame kwanza mahali tunapoishi. Kamanyola imekaa pale ambapo barabara ya taifa namba 5 inamaliza kuteremka kutoka Ngomo na kuingia uwanda wa Ruzizi. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na huishia Ziwa Tanganyika, ambalo liko chini yake kwa mita zinazokaribia 700. Maana yake ni kwamba tunaishi miguuni pa mlima. Maji ya juu huja kwa kasi, na yakifika uwandani hupoteza mwendo, hutua mawe na mchanga, kisha hutafuta nafasi ya kutanda. Uvira hali ni ngumu zaidi: milima inakaribia kugusa ziwa, na mji umebanwa katika ukanda mwembamba unaokatwa na mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, baada ya mvua kubwa, Mulongwe ulitoka katika njia yake na kuingia majumbani. Watu makumi walipoteza maisha, maelfu ya nyumba ziliharibiwa, na makumi ya maelfu ya ndugu zetu walibaki bila makazi, wakati nchi nzima ilikuwa katika hali ya dharura kwa sababu ya korona. Mitambo ya maji ya REGIDESO nayo iliharibiwa, hata mji uliojaa maji ukakosa maji ya kunywa. Katika mji ambao kipindupindu ni mgeni wa kila mwaka, hilo lilikuwa pigo la pili.

Baada ya msiba kama huo, wengi wetu husema: ni mapenzi ya Mungu. Sisi tunaofundisha dini tunapaswa kuwa waangalifu sana na neno hilo. Mvua haikupangwa na mtu. Lakini miti iliyokatwa milimani ilikatwa na watu. Nyumba zilizosogezwa hadi ukingoni mwa mto zilijengwa na watu. Na taka zinazoziba mifereji hutupwa na watu. Kumtwika Mungu kazi ambayo ilikuwa ya mpimaji, ya mtawala na ya mwenye nyumba si uchaji. Ni njia ya kuwaachilia wote watatu wasijibu lolote.

Basi tufanye hesabu ndogo, kama darasani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mabati la mita 8 kwa 10 ina mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 50 katika alasiri moja, paa hilo peke yake linamwaga lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Mtaa wenye nyumba mia moja za namna hiyo unamwaga lita 400,000, na hapo hatujahesabu nyua zilizokanyagwa hadi zikawa ngumu kama saruji. Zamani mvua hiyo iliangukia majani na mihogo, na sehemu yake kubwa ilizama ardhini. Leo karibu yote inatafuta pa kwenda kwa saa moja. Mtaa unapojengwa, maji yanayoutoka huongezeka, hata kama mvua ni ileile ya enzi za babu zetu.

Kwa hiyo anayegawa shamba kuwa viwanja anawajibika pia kwa maji yatakayozaliwa na viwanja hivyo. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume. Kiwanja kina bei, mfereji hauna bei. Basi nafasi ya mfereji huliwa kidogo kidogo, leo kwa ukuta, kesho kwa kibanda, mwisho inauzwa yenyewe kama kiwanja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Taifa, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Njia ya maji ya wote haikuwa kamwe mali ya mmoja, hata aweze kuiuza. Tena ipo kanuni ya kale, iliyoandikwa katika sheria ya raia ya Ufaransa ya mwaka 1804, ibara ya 640: wa chini hupokea maji yanayoteremka yenyewe kutoka kwa wa juu, lakini wa juu haruhusiwi kufanya jambo la kumwongezea mzigo. Anayetoboa ukuta wake ili maji yake yaangukie jikoni kwa jirani hajatatua tatizo, amelihamisha tu.

Mfereji ufanye nini ili uitwe mfereji? Kwanza, uwe na mwisho. Unaoishia katikati ya mtaa ni dimbwi refu. Ndiyo maana kazi huanzia chini, mtoni au ziwani, na kupanda juu. Pili, uwe na mteremko usiokatika, maana mahali palipoinuka kidogo tu ndipo mchanga utakapolala. Tatu, bomba linalopita chini ya barabara lisiwe jembamba kuliko mfereji wenyewe. Nne, awepo mtu mwenye jina anayeusafisha kabla ya mvua za Septemba.

Ziwa letu lenyewe linatufundisha somo hili. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, karibu na Kalemie. Katika karne ya 19 mlango huo ulizibwa na mchanga na majani, ziwa likapanda miaka mingi, hadi kizuizi kilipovunjika karibu na mwaka 1878 na maji yakashuka kwa mita kadhaa. Ikiwa ziwa kubwa kiasi hicho linategemea mlango mmoja usiozibwa, je, avenyu yetu?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuwahamisha watu na kuwapimia mahali papya. Ni kweli kwa wanaoishi ndani ya njia ya mto. Lakini kupima hakutoshi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, yaliyoua watu zaidi ya 40, serikali ya Tanzania iliwapa viwanja Mabwepande familia zilizokuwa bonde la Msimbazi. Viwanja vilikuwepo, huduma na riziki vilikuwa mbali, na baadhi ya watu walirudi bondeni. Mwenye njaa harudi penye hatari kwa ujinga. Hurudi kwa sababu mahali pa usalama hapakutayarishwa kuwa mahali pa kuishi. Tusimhukumu maskini aliyejenga ukingoni kabla hatujamuuliza aliyemwuzia.

Sasa, ninyi vijana mnaweza nini? Mnaweza zaidi ya mnavyofikiri. Chukueni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji, kama ule wa mafundi ujenzi. Ujazeni maji, na kwa fimbo mbili zenye alama mtajua ni upande gani wa avenyu ulio chini. Mvua ikipungua, tembeeni na daftari. Andikeni maji yanatoka wapi, yanasimama wapi, yanaingia kwa nani. Chora hiyo ipelekeni kwa mkuu wa mtaa na kwa watu wa ardhi, mkaombe kuona mpango wa mifereji kabla viwanja vipya havijauzwa. Ombi lenye mchoro na majina ya avenyu ni gumu kulitupa kapuni.

Salongo tuendelee kuifanya, lakini tusidanganyane: koleo la Jumamosi linaondoa mchanga, halijengi daraja wala halipanui bomba chini ya barabara ya taifa. Kazi hiyo ni ya serikali, inayopokea kodi na ada za hati. Anayewasifu vijana kwa salongo huku akiuza nafasi ya mfereji anawachezea.

Wengi wenu mtanunua kiwanja katika miaka kumi ijayo, na baadhi yenu mtakuwa wapimaji, waashi, wakuu wa mitaa. Siku hiyo, kabla ya kuhesabu pesa au kutia sahihi, simameni juu ya kiwanja hicho, mtazame mlima, kisha mtazame alipo jirani wa chini. Mkikosa jibu la wapi maji yatapita, msinunue, wala msiuze.