Reli Ndogo Katika Ua wa Shule ya Mjini

Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule za vijijini zilijua pa kuanzia: ardhi zilikuwa nayo, zikalima. Shule za katikati ya mji zilipata tabu. Mahali kama Kariakoo, ua wa shule aghalabu ni kipande cha mchanga kilichobanwa baina ya madarasa na ukuta, na nje ya ukuta ni maduka na mikokoteni. Hata leo wapo walimu wanaoshikilia kwamba mtoto wa mjini, kwa kuwa hana shamba, hana kazi ya mikono ila kufagia na kuokota taka. Sisi hatuafiki rai hiyo. Tunaona kwamba soko na karakana ndizo shamba la mtoto wa mjini, na katika makala haya tunapendekeza zao moja liwezalo kuvunwa humo: reli ndogo, itakayojengwa na kuendeshwa na wanafunzi wenyewe kando ya ukuta wa shule.

Kwa nini reli? Kwa sababu somo lenyewe liko mlangoni pao. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, kilichoitwa Carrier Corps. Si mbali na soko, upande wa Gerezani, ndipo ilipo stesheni ya Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 kwa jasho la vibarua Waafrika, ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976, na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kwenda Morogoro na Dodoma. Basi tunaweza kuanza na hesabu hii: ikiwa mpagazi mmoja abeba kilo 25, wapagazi wangapi watahitajika kubeba shehena ya tani 30 iliyo katika behewa moja? Mwanafunzi atakayepata jibu la 1,200 atakuwa amejifunza kugawanya, na pia ataelewa kwa nini mataifa hujenga reli.

Reli hizo tatu zina upana mbalimbali baina ya chuma na chuma: Reli ya Kati milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067, na reli mpya milimita 1,435. Darasa likichagua kupunguza kila kipimo mara 20, Reli ya Kati itakuwa na upana wa sentimita 5 barabara, TAZARA 5.3, na reli mpya takriban 7.2. Tunashauri sentimita 5, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Halafu mwalimu aulize: je, tukipunguza safari yote kwa kipimo hicho hicho, reli yetu itakuwa na urefu gani? Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 1,250. Gawanya kwa 20, utapata kilomita 62 na nusu! Watoto watacheka, na katika kicheko hicho watakuwa wamefahamu kwamba umbali wahitaji kipimo kingine. Tukichukua sentimita 1 kwa kila kilomita 1, njia nzima itakuwa mita 12 na nusu, na hizo zaweza kupatikana kando ya ukuta wa shule nyingi. Morogoro itakuwa kwenye mita 2 hivi, Tabora kwenye mita 8 na zaidi kidogo.

Kimo nacho kina kipimo chake. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Tabora 1,200, na Ziwa Tanganyika penye Kigoma kama mita 770. Tukiweka sentimita 1 kwa kila mita 100, njia itapanda sentimita 11 hadi Dodoma na kushuka hadi 8 hivi ziwani. Wanafunzi wa madarasa ya juu waulizwe kwa nini mlima wetu unaonekana mkali mara 10 kuliko ule wa kweli. Atakayejibu kwamba kimo kimepunguzwa mara 10,000 na umbali mara 100,000 ameelewa ramani kuliko aliyekariri maana ya kipimio kutoka kitabuni.

Ama kuhusu gharama, msimamo wetu ni mmoja: mzazi asitozwe hata shilingi. Elimu ya msingi hutolewa bila ada, na kazi ya kujitegemea isiwe mlango wa nyuma wa kurudisha michango. Mataruma yatatokana na mabaki ya mbao ya maseremala na makasha yaliyovunjika sokoni. Reli zenyewe zitakuwa fito nyembamba za mbao zilizonyooka. Magurudumu yatengenezwe kwa vizibo vya plastiki vya chupa za maji, kila kimoja kikigandishwa juu ya kisahani kikubwa zaidi kilichokatwa katika kandambili kuukuu. Kisahani hicho ndicho ukingo uzuiao gurudumu lisitoke njiani, nao hukaa upande wa ndani. Spoki ya baiskeli itakuwa ekseli. Mabehewa yatatokana na makopo na maboksi. Vitakavyohitaji fedha ni misumari midogo na gundi tu.

Kazi ya kwanza iwe kutengeneza kigezo, yaani kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 5 kamili, na fito zote zipigiliwe huku kigezo kikiwa katikati yake. Bila kigezo kila kundi litapima kwa namna yake, na treni itaanguka kila mahali makundi mawili yanapokutana. Baina ya ukingo wa gurudumu moja na wa mwenzake, kwa kipimo cha nje, iwe pungufu kidogo ya sentimita 5, magurudumu yapate nafasi ya kuzunguka. Njia ijengwe kwa vipande 10 vya mita moja na robo, ili jioni viingizwe ndani, kwa maana mvua na mikono mirefu havina likizo. Chini yake itandazwe kokoto: watoto wataona jinsi maji yanavyopita na njia kubaki imara, kama ilivyo katika reli kubwa. Kukata bati na kutumia msumeno kufanywe na mwalimu, au mafundi wa Gerezani waalikwe kuja kuonyesha. Fundi atakayesimama mbele ya darasa atawafunza watoto pia kuheshimu kazi ya mikono.

Hata hivyo, walimu wengi huishia hapo. Hujenga kitu kizuri, hukiweka ofisini kingoje mkaguzi, na watoto hukitazama kwa mbali. Kwa maoni yetu, kujenga ni nusu ya somo. Nusu kubwa zaidi ni kuendesha. Reli iwe na mzigo wa kweli. Kando ya njia zipandwe mboga katika makopo na ndoo zilizotoboka, na treni, ikisukumwa kwa mkono, ipeleke mboji na maji kutoka stesheni moja hadi nyingine. Karani wa mizigo aandike: behewa limebeba nusu lita, mchicha wa Tabora wahitaji lita 3, safari ngapi? Mwingine atunge ratiba, na hapo atakumbana na jambo linalowatatiza hata watu wazima: saa 2 asubuhi huandikwa 08:00, na saa 2 usiku huandikwa 20:00. Na kwa kuwa njia ni moja, pawe na kijiti cha idhini kwa kila sehemu ya njia. Asiye na kijiti haondoki, hata awe kiranja. Reli nyingi duniani zenye njia moja zimelindwa kwa utaratibu wa namna hiyo, na mtoto aliyewahi kungoja kijiti ameonja maana ya sheria.

Tunajua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba darasa lina wanafunzi wengi mno. Lakini reli ni miongoni mwa kazi chache zinazohitaji watu wengi: wapimaji, wajenzi, makarani, watunga ratiba, wenye bendera, wakulima. Muhimu ni kubadilishana zamu kila wiki, na wasichana wasiachiwe ukarani huku wavulana wakishika nyundo. Hoja ya pili ni kwamba huu ni mchezo, na mtihani unakaribia. Sisi twauliza: uwiano, urefu, ujazo, wakati, ramani na historia ya nchi havimo katika mtihani? Vimo, na mwanafunzi huvisahau kwa sababu alivikuta ubaoni tu. Hoja ya tatu, ile kongwe, ni kwamba hatuna vifaa. Mwalimu afundishaye karibu na soko kubwa kama lile na kusema hana vifaa afanana na mvuvi aliaye kiu ya samaki huku amekalia nyavu.

Walimu wanafunzi wenzetu, hivi karibuni mtapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Msingoje mita 12 na nusu wala vipande 10. Anzeni na kipande kimoja, kigezo kimoja na behewa moja. Andikeni katika andalio la somo kile ambacho watoto watapima, na baada ya kipindi andikeni kile walichouliza. Maswali yao yatawaonyesha kipande cha pili kielekee wapi.