Mwaka Nilioolewa na Yanga

Najua niliwaahidi kumalizia ile habari ya mawifi, lakini nimeiweka pembeni kidogo kwa sababu ya dada mmoja aliyenishika mkono saluni. Ana miezi mitano ndani ya ndoa. Mumewe mpole, hanywi, kazini anatoka na kurudi kwa wakati, ila ligi ikianza tu anageuka mtu mwingine kabisa. "Dada, nifanyeje? Nishindane na mpira?"

Nilicheka mpaka aliyekuwa ananisuka akanikemea nitulize kichwa. Nilicheka kwa sababu hayo mimi nimeyaishi, tena siyo kwa msimu wa kawaida. Niliolewa Juni 2022, wiki chache tu kabla Yanga hawajaanza ule msimu wao wa 2022/23. Wanaojua mpira hapo wameshanielewa na wameanza kunionea huruma.

Kwa wale wasiojua: mimi ni Simba wa kuzaliwa. Baba yangu ni Simba, kaka zangu wote Simba, na kwetu mtoto akichagua nguo ya kijani dukani anaulizwa mara mbili. Shemeji yenu ni Yanga, na yeye vilevile hakuchagua, alirithishwa. Wakati wa uchumba ulikuwa utani mtamu. Kwenye kitchen party yangu shangazi alinisema kuhusu usafi, kupika, mama mkwe, mpaka mambo ya chumbani. Kuhusu Yanga hakusema hata neno moja. Shangazi, hilo sijakusamehe.

Agosti 13, 2022, Ngao ya Jamii. Sisi tulitangulia kupitia kwa Pape Sakho, nikaruka kwenye kochi la watu. Kipindi cha pili Fiston Mayele akarudisha, halafu akaongeza la pili, na pale sebuleni kwangu mtu mzima na akili zake akaanza kutetema. Mnaikumbuka ile staili ya Mayele ya kutetemeka akifunga? Mwaka ule ilichezwa kila mahali, kwenye maharusi, kwenye vipaimara, na kwangu mimi ilichezwa jikoni huku mwenzenu nakaanga samaki. Mayele alimaliza ligi na mabao 17, sawa na Saido Ntibazonkiza wetu. Fanyeni hesabu wenyewe ni mara ngapi nilitetemewa.

Oktoba tukatoka 1-1, usiku ule tulilala vizuri. Ila Novemba 29 nilifanya kosa. Siku hiyo Yanga walikwenda Mbarali wakafungwa na Ihefu 2-1, baada ya mechi 49 za ligi bila kupoteza. Arobaini na tisa! Nilikuwa najua matokeo kabla hajafika nyumbani, kaka zangu walishanijaza meseji. Alipofungua mlango nikamwimbia. Hakusema kitu, akavua viatu, akapita moja kwa moja chumbani, na wali wangu wa nazi ukalala mezani. Mimi niliona ni utoto tu, mtu mzima ananuna kwa ajili ya Ihefu. Sikujua, na yeye hakuniambia mpaka miezi mingi baadaye, kwamba siku ileile mchana kazini kwake walitangaziwa kupunguza watu na alikuwa hajajua kama yumo. Alifika nyumbani akitafuta kitu kimoja tu duniani ambacho hakijafungwa siku hiyo, akakuta mke anaimba. Baadaye jina lake halikuwamo, tunamshukuru Mungu. Lakini wali ule nikiukumbuka bado nasikia aibu.

Halafu ikaja kasheshe ya pesa. Tulikuwa na kibubu cha mbao chini ya kitanda, tunaweka elfu arobaini kila wiki kwa ajili ya kiwanja Chanika. Yanga walikuwa wametolewa na Al Hilal ya Sudan kwenye Ligi ya Mabingwa, mimi nikajua sasa nimepona. Kumbe wakashushwa Kombe la Shirikisho, wakatoka 0-0 nyumbani na Club Africain, wakaenda kuwafunga kwao Tunis 1-0, goli la Aziz Ki. Wakaingia makundi na TP Mazembe, Monastir na Real Bamako, wakaongoza kundi. Kila mechi ya nyumbani tiketi, kila tiketi na nauli, kila nauli na jezi mpya maana ya zamani ina mkosi. Februari 2023 Rais Samia alipoahidi milioni tano kwa kila goli la Simba na Yanga kimataifa, shemeji yenu akapata hoja: "Mama analipa milioni tano kwa goli moja, wewe unanikatalia elfu ishirini?"

Machi nikainua kibubu nikaona mbona chepesi. Tukakivunja. Ilipungua laki mbili na nusu.

Sikupiga kelele. Nilichukia zaidi kwa sababu hakuomba, siyo kwa sababu ni mpira. Angechukua kwa ajili ya mama yake bila kuniambia ningekasirika vilevile. Alisema, "Ni yangu pia ile," nami nikamkumbusha habari ya Fei Toto. Mnaikumbuka? Feisal Salum aliingiza pesa kwenye akaunti ya klabu Desemba 2022 akasema mkataba basi, Yanga wakasema wewe bado wetu, na TFF ikasema hivyohivyo, mpaka Juni 2023 alipokwenda Azam kwa makubaliano. Nikamwambia mume wangu, mkataba wa watu wawili hauvunjwi na mmoja peke yake, hata kama anajua kuhesabu pesa. Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Tukaendelea kula meza moja, mambo yakapoa bila kuisha.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu ile ligi. Mwisho wa msimu Simba tulikuwa tumefungwa mechi moja tu. Yanga walifungwa mbili: ile ya Ihefu, na ile tuliyowapiga sisi 2-0 Aprili 16, Inonga na Kibu Denis, siku ambayo niliimba lakini kwa sauti ya chini. Sasa mbona wao ndio mabingwa, pointi 78 kwa 73? Sare, jamani. Sisi tulitoka sare saba, wao tatu. Mimi naona ndoa nyingi za rika letu haziuliwi na vipigo vya wazi, vile mnavigombania hadi vinaisha. Zinauliwa na sare: ule ugomvi ambao kila mtu amegeukia ukuta wake, asubuhi mnasalimiana, na hakuna aliyeshinda wala aliyeomba msamaha. Sisi kufikia Aprili tulikuwa na sare zaidi ya saba.

Aprili 28 Simba yangu ikatolewa na Wydad kwa penalti kule Casablanca, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Nililia, sifichi. Nikasubiri kejeli. Shemeji yenu akaniletea maji ya kunywa, akakaa pembeni, akasema, "Diarra wetu angezicheza mbili." Nikamtupia mto. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu kibubu.

Mei 13 wakachukua ubingwa pale Chamazi, 4-2 na Dodoma Jiji, ubingwa wao wa 29. Mei 17 wakawamaliza Marumo Gallants kulekule Afrika Kusini. Fainali ya Afrika! Hapo hata mimi nilikosa neno la kejeli.

Sasa Mei 28, Jumapili. Fainali ya kwanza na USM Alger, Uwanja wa Mkapa. Aliondoka saa tatu asubuhi na marafiki zake, jezi mpya, filimbi shingoni. Alinibusu mlangoni kwa haraka kama mtu anayekwenda kuwahi feri.

Mchana meseji zikaanza kuingia. Kwamba kuna msongamano mkubwa getini, watu wamekanyagana. Mara picha, mara sauti ya mtu analia. Nikapiga simu yake: haipatikani. Nikapiga ya rafiki yake, inaita haipokelewi. Nikapiga tena, tena, tena. Baadaye ikathibitishwa kuwa mtu mmoja amefariki na wengine wameumia.

Mtu mmoja. Ukilisikia kwenye redio ni neno dogo. Ukiwa umekaa sebuleni Tabata na simu ya mumeo haipatikani, huyo mtu mmoja ana sura moja tu unayoijua. Na kuna nyumba siku ile ambayo sura hiyo ilikuwa ya kwao kweli. Mpaka leo nikisikia watu wanataja fainali ile kwa magoli tu, nawakumbuka.

Niliangalia mechi nzima na sikumbuki mpira ulivyochezwa. Nilikuwa nasubiri kamera igeuke jukwaani. Waarabu wakapata la kwanza, sikujali. Mayele akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, uwanja ukalipuka, nikatafuta uso wake kwenye maelfu ya watu wa njano. Dakika mbili haziishi wakafungwa la pili. 2-1 nyumbani. Nikazima televisheni, nikakaa gizani na simu.

Alifika saa tatu usiku. Amekauka sauti, kiatu kimoja hakina kamba. "Tumekufa, mke wangu," akasema, akimaanisha mpira. Nilimpiga kwa kanga kifuani, mara mbili tatu, halafu nikamshika nisimwachie.

Simu iliisha chaji saa saba mchana. Hayo tu. Aliingia uwanjani mapema, msongamano ule aliusikia juu juu, akaona mimi niko nyumbani salama basi kila kitu kiko salama. Kina kaka mnaosoma ukurasa huu, naomba hapo mrudie tena. Pembeni yake walikuwepo watu na simu zao. Hakuwa mkorofi, haikumjia tu kwamba kuna mtu amekaa mahali anahesabu dakika zake.

Usiku ule hatukutoka sare. Tuligombana hadi saa nane, kila kitu kikatoka: kibubu, wali wa nazi, Ihefu, kule kazini kwake, mimi na kaka zangu wanaojua habari zetu kabla yake. Alilia yeye kwanza. Nilishangaa sana.

Juni 3, marudiano Algiers, aliangalia nyumbani kwa hiari yake. Djuma Shabani akafunga penalti mapema kabisa, 1-0. Jumla 2-2, na wenzao wamefunga mawili ugenini, Yanga moja. Walikuwa wanatafuta goli moja tu zaidi, dakika zote zilizobaki. Halikuja. Wameshinda mechi, wamekosa kombe, na kumfunga mwenyeji hakukuwasaidia kitu. Simu yangu ikaanza kucheza, kaka zangu hao. Nilikuwa nimetunga vijembe toka Agosti, vingine vizuri sana. Nikaizima simu nikaiweka chini ya mto. Nikapasha wali.

Ilikuwa imebaki fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, na Azam, Mkwakwani Tanga, Juni 12. Asubuhi moja nikakuta pesa mezani, laki mbili na nusu kamili, alizipata kwa kuuza spika zake za muziki. Pembeni zilikuwa tiketi mbili za basi la Tanga. "Sichukui kwenye kibubu," akasema. "Naomba twende wote."

Ilikuwa Jumatatu, nikaomba ruhusa kazini kwa sababu ambayo sitaiandika hapa maana bosi wangu anasoma gazeti hili. Nilivaa gauni la rangi isiyo na chama. Tuliingia uwanjani nimeshikwa mkono kama mtoto, na mfukoni alikuwa na simu mbili zilizojaa chaji. Kennedy Musonda akafunga, ikaisha 1-0, kombe la tatu la msimu baada ya Ngao na ligi. Watu wakatetema. Shemeji yenu akanigeukia akiwa anasubiri kuona nitafanya nini, nami nikampigia makofi mawili, siyo zaidi, nina wazazi.

Wakati wa kurudi basi lilisimama Muheza watu wanunue machungwa. Simu yangu ikaita, ni Baba.

"Uko wapi mwanangu? Nimepiga kazini kwenu hawakuoni."

"Niko Tanga, Baba."

"Tanga? Unafanya nini Tanga?"

"Nimekuja kununua machungwa."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yangu basi zima lilikuwa limeshaanza tena, ngoma na filimbi.

"Mbona hayo machungwa yanaimba?"