Matembezi ya Jumamosi Ugenini



Wazazi wenye watoto waliokwenda masomoni Ulaya hutuuliza swali moja kila mara: Je, kijana akialikwa matembezi na rafiki zake wapya wasio Waislamu, akubali au ajifungie chumbani mwake? Khofu yao twaijua. Wachelea ulevi, wachelea chakula, wachelea swala kupotea njiani. Walakini sisi tuliokaa London twawaambia kwamba Jumamosi na Jumapili za upweke zina khatari yake, nayo ni kubwa kuliko wanavyodhani. Madarasa yamefungwa, jua halionekani, simu ya nyumbani imekwisha, na kijana hana wa kumwamkia. Basi rai yetu ni hii: na akubali, na bora zaidi, awe yeye mwenye kuchagua mahali. Achaguaye mahali huwa amejiepusha na kukataa mara tatu mbele ya watu: kukataa nyumba ya ulevi, kukataa nyama, na kukataa saa ya kurudi.

Hivyo ndivyo tulivyofanya, sisi na ndugu yetu mmoja wa Tanga, katikati ya Novemba 2019. Rafiki zetu wawili wa chuoni, Mwingereza na Mpolandi, walitualika chakula cha mchana katika baa iliyo kando ya mto Thames. Tukawajibu siku ile ile kuwa kuandamana nao twapenda, ila hatuketi penye meza ya pombe. Na kama wataridhia, twendeni Woking, chakula juu yetu. Hawakuona vibaya. Mwingereza, ambaye kwao ni Surrey hiyo hiyo, alicheka akasema kuwa Woking hakuna cha kutazama.

Woking ni mwendo wa nusu saa hivi kwa treni kutoka stesheni ya Waterloo. Hapafiki marhala mbili, kwa hiyo mkaazi wa London hapunguzi swala kwa safari hiyo.

Tulitangulia kwenye uwanda wa Horsell. Mwenzetu Mwingereza alipajua mahali hapo kwa riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898, ambamo viumbe wa sayari ya Mirihi hushukia hapo hapo. Viumbe ambao hawakuwako aliwajua, na askari waliokuwako hakuwajua! Mwaka 1917 yalijengwa hapo makaburi ya Waislamu, yenye ukuta na lango la kuba, kwa ajili ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza wakafia katika hospitali za kusini ya Uingereza. Wajerumani walikuwa wakieneza maneno kuwa Mwislamu afaye Uingereza hazikwi kwa sharia ya dini yake. Ikawa serikali imelazimika kuonyesha vingine. Mwaka 1968 maiti walihamishiwa Brookwood, na tangu 2015 mahali pale ni bustani ya amani, yenye jiwe la majina na miti 27, kwa idadi ya waliozikwa. Mwingereza aliyasoma majina yote, moja moja, kwa matamshi ya kuvunjika vunjika, wala hakuna aliyemharakisha.

Kisha tukaenda Msikiti wa Shah Jahan, ulio wa kwanza katika nchi ile kujengwa tangu msingi uwe msikiti, mwaka 1889. Aliyeusimamia ni Leitner, mwanachuoni wa lugha aliyezaliwa Hungary katika nyumba ya Kiyahudi. Na fedha zilitoka kwa Begum Shah Jahan, mwanamke aliyeitawala Bhopal. (Wasichana wetu na walitie hilo akilini.) Mpolandi alipovua viatu, kidole gumba kilichungulia tunduni mwa soksi, tukacheka, naye akacheka kutushinda, na tangu hapo haya ikatutoka sote. Waliketi nyuma kimya hata tukamaliza adhuhuri. Chakula kilikuwa pilau tuliyoipika usiku, kachumbari na chai ya tangawizi, tukala nje juu ya benchi huku mvuke ukitutoka kinywani. Hatukuondoka mpaka tumeswali alasiri, ambayo majira yale huingia mapema, kiasi cha saa nane.

Stesheni inayofuata ni Brookwood, penye makaburi makubwa. Humo amezikwa Marmaduke Pickthall, na humo amezikwa Abdullah Yusuf Ali, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiingereza imo katika nyumba nyingi za Waislamu. Mtu huyu aliyesomwa na umma wa watu alikutwa nje mjini London, mzee, dhaifu, peke yake katika baridi ya Desemba 1953, naye akafariki muda mfupi baadaye pasipo jamaa karibu. Tuliwasimulia wenzetu khabari hiyo. Mwingereza alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Nanyi, Jumapili huwa mnakaa na nani?"

Hatukuwa na jibu la haraka.

Jua siku ile lilikuchwa kiasi cha saa kumi na dakika kumi. Tulikuwa stesheni tukingoja treni ya kurudi, na Mpolandi, aliyekuwa akiitazama saa yake tangu tulipotoka msikitini, ndiye aliyetukumbusha. "Jua limekwisha kuchwa," alisema. "Nipeni mikoba niwashikie."