Mchezo Uliohama Sebuleni



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo yanayowakusanya watu wa nyumba moja, na yale yanayowatawanya: chakula cha jioni, fedha, wakwe, televisheni. Mwezi huu tunasafiri hadi Marekani, nchi ambayo wengi wetu tuna mtoto, dada au jirani anayeishi huko. Tunakwenda kuangalia mchezo wao wa besiboli, na namna washabiki wanavyoutazama siku hizi kwa njia ya intaneti. Usigeuze ukurasa ukisema, "Hayo ni mambo ya wanaume." Ada ya kila mwezi hutoka katika mfuko wa nyumba nzima, na watoto wanaokaa mbele ya kioo ni wetu sote.

Kwanza tuelezane mchezo wenyewe. Mrushaji hutupa mpira mdogo mgumu, mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Ligi Kuu ya besiboli ina timu 30, na kila timu hucheza mara 162 kwa msimu, karibu kila siku, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Hesabu hiyo ya 162 tuishike vizuri. Mchezo huu ni kama mgeni anayekuja kukaa nawe miezi sita. Mama anapika huku mchezo unaendelea, babu anasinzia na kuamka, mtoto anauliza maswali. Hivyo ndivyo vizazi vingi vya Wamarekani vilivyoujua: kwa kuukuta nyumbani.

Ulivyoingia nyumbani

Tarehe 5 Agosti 1921, kituo cha redio cha KDKA mjini Pittsburgh kilitangaza mchezo wa Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Tarehe 26 Agosti 1939, mchezo ulionyeshwa kwenye televisheni kutoka uwanja wa Brooklyn, New York. Mtazamaji hakudaiwa senti kwa kila mchezo. Alinunua redio au televisheni mara moja, na gharama ya matangazo ikabebwa na wenye sabuni, bia na magari.

Sauti za watangazaji zikawa kama sauti za ndugu. Vin Scully aliitangaza timu ya Dodgers kwa misimu 67, kuanzia 1950 hadi 2016. Mjini Los Angeles watu walikwenda uwanjani na redio ndogo mkononi, wamsikilize Scully akieleza mambo waliyokuwa wakiyaona kwa macho yao wenyewe.

Baadaye ikaja televisheni ya kebo, ambayo familia huilipia kila mwezi na kupata vituo vingi kwa pamoja. Michezo mingi ya timu ikahamia huko. Tusidhani basi kwamba mlango ulianza kufungwa na intaneti. Mwaka 2014 Dodgers walihamia kituo chao kipya, na kwa sababu makampuni ya televisheni hayakuelewana kuhusu bei, nyumba nyingi za Los Angeles hazikuweza kuiona timu ya mji wao. Mvutano huo haukumalizika hadi 2020. Scully alikuwa amekwisha kustaafu. Wako wazee waliomsikiliza maisha yao yote, wakaikosa karibu miaka yake yote ya mwisho kwenye televisheni.

Mlango mpya

Tarehe 26 Agosti 2002, miaka 63 kamili tangu siku ile ya Brooklyn, Ligi Kuu ilirusha mchezo wa Yankees na Rangers moja kwa moja kwenye intaneti. Kutokana na jaribio hilo ikatokea huduma yao ya MLB.TV. Mshabiki hulipa ada, kisha hutazama timu zilizo mbali na anapoishi, kwa kompyuta, simu au televisheni.

Tuseme ukweli, jambo hili limewafariji wengi. Kijana aliyezaliwa Boston akapata kazi Texas haiachi tena timu ya baba yake. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku anaweza kutazama asubuhi mchezo wa jana, au akatazama muhtasari wa dakika chache tu kabla ya kulala. Mama mwenye mtoto mchanga anasimamisha picha, ananyonyesha, anaendelea pale alipoachia. Tusilidharau hilo. Mtu aliye mbali na kwao hujua thamani ya kusikia habari za kwao.

Lakini kulikuwa na kizuizi. Kwa kuwa vituo vya kebo vilinunua haki ya kuonyesha timu za eneo lao, huduma ya intaneti ilizima picha kwa watu wa eneo hilo hilo. Jimbo la Iowa halina timu hata moja ya Ligi Kuu. Hata hivyo, kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa eneo la timu sita za majimbo ya jirani. Mkulima wa Iowa aliyelipa ada yake yote aliweza kutazama mchezo wa California, asiuone wa Chicago au St. Louis. Alihesabiwa kuwa jirani wa kila timu, akanyimwa zote.

Nani alikuwa akilipa?

Hapa, mama mwenzangu, ndipo penye siri ya habari yote. Kwenye kebo kila familia ililipia kituo cha michezo, iwe inakitazama au haikitazami. Bibi mjane aliyependa vipindi vya mapishi tu alikuwa akichangia mshahara wa mrushaji bila kujua. Fedha hizo ndogo za mamilioni ya watu wasiojali ndizo zilizozijaza hazina za timu.

Kisha watu wakaanza kukata kebo na kufuata huduma za intaneti, ambako kila mtu huchagua anachotaka. Mwezi Machi 2023, kampuni ya Diamond Sports Group, iliyokuwa na haki za timu 14 za besiboli, ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 8. Mei mwaka huo ilishindwa kuilipa timu ya San Diego Padres, na Ligi Kuu yenyewe ikachukua kazi ya kuonyesha michezo yake. Watu wa San Diego wakaweza kuiona timu yao kwa intaneti, bila kuzimiwa picha, kwa dola 19.99 kwa mwezi.

Ni haki kwamba yule bibi wa mapishi sasa hachangii asichokitaka. Lakini mzigo aliouweka chini haukupotea. Umehamia kwa wale wanaoupenda mchezo. Nao hauji kwa mkupuo mmoja. Mshabiki wa Yankees aliyetaka kuona kila mchezo wa timu yake mwaka 2022 alihitaji kituo cha timu, tena Prime Video kwa michezo ishirini hivi, tena Apple TV+ kwa baadhi ya Ijumaa, tena Peacock kwa baadhi ya Jumapili, mbali na vituo vya taifa. Katika mapatano ya 2026 hadi 2028, Netflix nayo imeingia, ikapewa mchezo wa kufungua msimu wa 2026. Kila ada ukiitazama peke yake ni ndogo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Ijumaa moja ya Septemba

Tena si fedha tu. Septemba 2022 mchezaji Aaron Judge wa Yankees alikuwa na mapigo 60 ya kuutoa mpira nje ya uwanja, na la 61 lingemfikisha kwenye rekodi ya American League iliyowekwa na Roger Maris mwaka 1961. Mchezo wa Ijumaa, tarehe 23, dhidi ya Boston, ulikuwa wa Apple TV+ peke yake. Malalamiko yalikuwa makubwa, hata mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akaingilia kati akitaka mchezo uonyeshwe pia kwenye kituo cha timu.

Ajabu ni kwamba mwaka ule michezo ya Apple ilitazamwa bila malipo. Basi kilio kilikuwa cha nini? Fikiria mzee wa miaka themanini, aliyekuwa kijana Maris alipoweka rekodi ile. Amezoea kubonyeza namba moja ya kituo chake. Sasa anatakiwa kuwa na intaneti, programu maalumu, anwani ya barua pepe na neno la siri. Kwake bei ya sifuri bado ni mlango uliofungwa. Judge hakufikisha 61 siku ile. Alifikisha tarehe 28 mjini Toronto. Lakini wazee wengi walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba hawahesabiwi tena.

Japani nako wameonja. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2023, mchezo wa Japani na Italia ulitazamwa na karibu nusu ya nyumba za Tokyo na maeneo ya jirani, kwenye televisheni ya kawaida. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba mashindano ya Machi 2026, michezo yote 47, yataonyeshwa Japani na Netflix peke yake. Minong'ono ilikuwa mingi: mtoto ambaye wazazi wake hawalipi ada atampendaje mchezaji ambaye hajapata kumwona?

Mapenzi huanza kwa kukutana

Swali hilo ndilo linalonikaa moyoni. Huduma za intaneti humhudumia vizuri sana mtu ambaye tayari anapenda. Anajua anachotafuta, anakilipia, anakipata. Lakini hakuna mtoto anayezaliwa akipenda besiboli. Alikaa sakafuni akichezea vibao vyake, babu akapiga kelele, mtoto akainua macho na kuuliza, "Kumetokea nini?" Hapo ndipo alipoanza kupenda. Hakuna aliyemtafutia, alikikuta.

Kila mtu akitazama kwenye simu yake, na kichwani amevaa visikilizio, babu atapiga kelele peke yake chumbani. Mtoto hatauliza swali, kwa sababu hakusikia kitu.

Kwa hiyo, kwa ndugu zetu walioko huko, na kwa yeyote mwenye kifaa cha namna hii nyumbani, ninashauri haya:

Andikeni kwenye karatasi ada zote mnazolipa kwa mwezi, mzidishe kwa kumi na mbili. Jumla hiyo isomwe na mume na mke pamoja.

Lipieni wakati wa msimu, mfute msimu ukiisha. Kampuni nyingi huendelea kukata fedha mpaka uziambie basi.

Msiisahau redio. Timu nyingi bado zina kituo cha redio kinachotangaza michezo yao. Na fainali za mwaka, zinazoitwa World Series, Fox wana haki ya kuzionyesha hadi 2028, na kituo hicho hupatikana kwa antena bila ada.

Kama kuna mzee ndani ya nyumba, mwandalieni kifaa yeye kwanza. Mwandikieni hatua kwa herufi kubwa, na mjukuu mmoja apewe kazi ya kumfungulia mchezo. Mjukuu huyo atakaa dakika mbili, halafu kumi, na huenda akabaki hadi mwisho.

Jambo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, nalo husahaulika upesi. Mchezo mmoja kwa juma utazamwe kwenye kioo kikubwa, sebuleni, simu zikiwa mezani. Tangu 2023 wameweka saa ya kumharakisha mrushaji, na mchezo umepungua kutoka zaidi ya saa tatu hadi kama saa mbili na dakika arobaini. Hata hivyo bado una vituo vingi vya kupumua, na katika vituo hivyo watu huzungumza. Mara nyingi kijana husema hapo neno ambalo hangelisema kama angeitwa na kukalishwa kitini.

Makampuni yatagawana michezo watakavyo, na bei zitapanda bila kutuuliza. Lakini nani akae karibu na nani wakati wa kutazama, hilo bado limo mikononi mwetu, mama.

Tuonane mwezi ujao.